KUFUNGA MAKARATASI YALIYOMO NDANI YA SIMU
(Somo kwa wanachama)



Zamani stakabadhi za karafuu, hati ya shamba na mapatano ya kukodisha mikarafuu vilikaa ndani ya kasha, na ufunguo ulikuwa kwa mwenye mali. Siku hizi wengi wetu twayapiga picha makaratasi hayo na kuyaweka katika simu. Ni jambo jema, maana karatasi huliwa na mchwa na hulowa mvua ya masika. Lakini kasha lile lilikuwa na kufuli. Je, na simu yako?

Wengi watajibu kwamba simu yao ina namba ya siri. Hiyo ni kufuli ya mlango wa nje, si ya kasha. Mara ngapi twaifungua simu wenyewe tukampa mtoto achezee, au fundi aitengeneze? Hapo mlango u wazi, na aliyeishika aweza kuisoma hati yako, kujipelekea nakala, au kuifuta. Nakala ya kitambulisho na sahihi yako ikimwangukia mjanja, aweza kuitumia kutunga mapatano usiyoyajua. Kwa hiyo yafaa makaratasi yenyewe yawe na kufuli yake.

Namna ya kufunga

Katika simu za Android, fungua programu iitwayo Files by Google. Tangu mwaka 2020 programu hiyo ina folda salama. Ifungue, uchague namba ya siri, kisha urudi kwenye picha ya hati yako na uchague kuihamishia humo. Ikisha kuhamishwa haionekani tena pamoja na picha nyingine. Usiiondoe programu hiyo katika simu kabla ya kuyatoa makaratasi yako.

Katika simu za iPhone, picha zilizofichwa hufungwa kwa namba ya siri, uso au kidole tangu toleo la iOS 16 la mwaka 2022.

Baada ya kufunga, tafuta nakala zilizobaki nje. Hati uliyoipeleka kwa WhatsApp yaweza kuwa ingali katika mazungumzo na katika picha. Na ukiifuta picha, aghalabu hukaa kwanza kwa siku kadhaa katika sehemu ya taka. Kufunga nakala moja na kuacha mbili nje ni sawa na kufunga dirisha na kuacha mlango.

Kuchagua namba

Namba ya tarakimu 4 yaweza kupangwa kwa njia 10,000, na ya tarakimu 6 kwa njia 1,000,000. Ukiruhusiwa, chagua ndefu. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala 1234, wala 1964, ambayo kila mtu kisiwani aweza kuikisia. Wala isiwe ile unayotolea fedha katika simu.

Hatari ya kusahau

Hapa ndipo penye shina la somo letu. Kufuli hii haina fundi wa kuivunja. Ukiisahau namba ya folda salama, waliotengeneza programu hawawezi kukufungulia, na yaliyomo yamepotea. Kwa hiyo karatasi ya asili isitupwe kamwe kwa kuwa ipo picha. Namba iandikwe, itiwe katika bahasha, ifungwe, na bahasha iwekwe kwa mtu mwaminifu wa nyumbani, mbali na simu.

Tena mauti hayana miadi. Mwenye shamba akifariki, na mapatano ya kukodisha yamo katika simu ambayo hapana aijuaye namba yake, warithi watathibitisha kwa nini kwamba mikarafuu ilikodishwa kwa msimu mmoja tu? Siri ni ya kuwazuia wageni. Warithi wako si wageni. Kama ambavyo deni na amana huandikwa katika wasia, mahali ilipo bahasha hiyo nako kuandikwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni makaratasi gani katika simu yako yasiyofaa kuonwa na kila mtu?
2. Nakala zake ziko mahali pangapi?
3. Ukifariki leo, nani nyumbani aweza kuyafungua?

Mwanachama atakayeshindwa na kazi hii na alete simu yake tumsaidie. Lakini namba ya siri aitie mwenyewe, nasi tutageuza uso.

Katibu