AFYA YETU: Gurudumu la Mbele Lifungwe Sawasawa



Siku hizi pikipiki hubeba wagonjwa na akina mama wajawazito. Mtu akishuka botini Nyamisati, hupanda pikipiki kwenda Bungu au Kibiti. Njiani kuna mchanga, na masika kuna matope.

Tairi likipata pancha, gurudumu hutolewa na kurudishwa. Gurudumu la mbele likirudishwa vibaya huweza kukwama ghafla. Dereva na abiria hurushwa mbele. Huumia kichwa, shingo na mikono. Kinga ni bora kuliko tiba. Basi tujifunze.

Somo hili ni la pikipiki ambayo breki yake ya mbele imo ndani ya gurudumu na huvutwa kwa waya.

1. Simamisha pikipiki mahali pagumu. Weka gogo imara chini ya injini ili mbele painuke.

2. Futa mchanga kwenye ekseli. Ipake grisi kidogo. Grisi isiguse breki, kwa maana breki itateleza.

3. Pandisha gurudumu kati ya shokapu mbili. Tazama kifuniko cha breki. Kina mfereji. Shokapu moja ina nundu ya chuma. Nundu hiyo lazima iingie ndani ya mfereji. Ikibaki nje, siku ukishika breki kifuniko kitazunguka pamoja na gurudumu. Waya utakatika na gurudumu litakwama.

4. Rudisha kila bushi mahali pake. Ingiza ekseli. Funga nati kwa mkono tu. Unganisha waya wa breki.

5. Ondoa gogo. Shika breki ya mbele, kisha kandamiza usukani mara tatu au nne. Shokapu zitakaa sawa. Sasa kaza nati kwa spana. Kama nati ina pini, weka pini mpya.

6. Inua tena, uzungushe gurudumu. Lisiyumbe wala lisikwaruze. Ukishika breki lisimame. Ukiachia lizunguke.

7. Simama mbele ya pikipiki. Kama tairi limenyooka na usukani umekaa upande, mpelekee fundi.

Jaribu polepole peke yako kabla ya kubeba mtu.

Nawe abiria, ukiona gurudumu linayumba usipande. Sema, "Ndugu dereva, kagua kwanza." Kusema hivyo si ugomvi. Ni kulinda uhai wenu wote wawili.

Maswali
1. Nundu ya shokapu huingia wapi?
2. Kwa nini grisi isiguse breki?