Kusudi Lenye Kipimo

Mwanzoni mwa mwaka, mtu akiulizwa amekusudia nini, aghalabu hujibu: "Nitajitahidi zaidi." Jibu hilo ni jema, lakini halimfai sana, kwa kuwa haitafika siku atakayojua kwa hakika kama amelitimiza au ameshindwa. Mtu asiyeona alama njiani huchoka upesi, hata akiwa na bidii nyingi. Kusudi lifaalo ni lile liwezalo kuhesabiwa: ni kiasi gani, litimizwe lini, na kazi ya leo ni sehemu gani yake.

Jambo hili laonekana wazi katika habari za Eliud Kipchoge, mkimbiaji aliyezaliwa Nandi. Alipokuwa kijana alimwendea Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akamwomba mpango wa mazoezi. Sang alimpa mazoezi ya siku chache tu. Kijana akayamaliza, akarudi kuomba mengine. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa mbio za meta 5,000 mjini Paris. Tangu ujana wake ameshika desturi ya kuandika mazoezi yake katika daftari, naye hulitazama ili ajue amefika wapi.

Mwaka 2012 hakufaulu kuingia katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Hapo wengi wangalitundika viatu ukutani. Yeye aligeukia mbio ndefu za marathoni, na mwaka 2013 akashinda ile ya Hamburg. Njia moja ilifungwa, akatafuta nyingine.

Baadaye likaja kusudi ambalo watu wengi walilidhania kuwa haliwezekani, yaani kukimbia kilometa 42 na meta 195 kabla ya saa mbili kutimia. Tarehe 6 Mei, 2017, huko Monza, alitumia saa 2 na sekunde 25. Magazeti yaliandika kwamba ameshindwa. Lakini na tupige hesabu. Zilibaki sekunde kama 26 za kupunguza, na zikigawanywa katika kilometa zote, kila kilometa haifikiwi hata na sekunde moja nzima. Ni kama sehemu 6 katika 10 za sekunde. Kilichoonekana kuwa mlima kikawa kijiwe. Tarehe 12 Oktoba, 2019, mjini Vienna, akisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwongoza, alikwenda kila kilometa kwa muda wa dakika 2 na sekunde 50 hivi, akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio hizo hazikuhesabiwa katika rekodi rasmi za dunia kwa sababu ya msaada huo, lakini kusudi lilitimia.

Hesabu hiyo si ya wakimbiaji peke yao. Tuseme mama mmoja auzaye maziwa ahitaji shilingi 18,000 za karo ifikapo Januari, na sasa ni Aprili. Akiitazama jumla hiyo kila asubuhi, moyo utamwishia. Akiigawanya kwa majuma 39 yaliyobaki, atapata shilingi 462 hivi kwa juma, yaani shilingi 66 kwa siku. Fedha hizo na ziwekwe kando kabla ya kununua sukari, si baada yake. Kwani baada ya sukari huja sabuni, na baada ya sabuni huja mgeni. Yafaa pia aandike kila juma kiasi alichoweka, na daftari likae mahali ambapo watu wa nyumbani hulioona, maana watoto ni wakumbushaji wasio na huruma.

Yatakuja majuma mabaya. Ng'ombe ataugua, au kutakuwa na msiba kwa jirani. Juma hilo lisiachwe tupu katika daftari. Na aandike kilichopatikana, hata kama ni shilingi 50, kisha kilichopungua kigawanywe katika majuma yanayofuata. Kipchoge naye, mwaka mmoja baada ya Vienna, alikuwa wa nane katika marathoni ya London. Alirudi katika mazoezi yale yale, na mwezi wa Agosti 2021, huko Sapporo, akapata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa mara ya pili katika mbio hizo.