Mto Upunguze Kiasi Gani Ili Bahari Ipumue?

Kila kiangazi, chini ya maji ya Ghuba ya Meksiko, mbele ya pwani ya Louisiana, samaki hukosa hewa. Lawama huuendea Mto Mississippi, na kwa zaidi ya miaka ishirini wanasayansi wamekuwa wakipiga hesabu ya mzigo ambao mto huo unapaswa kupunguza. Haya ni maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu hesabu hiyo.

Bahari yote ile, mbolea ya mkulima wa Iowa itaifanya nini?

Chukua glasi. Koroga maji na chumvi nyingi, tia rangi kidogo, kisha mimina maji ya bomba polepole juu ya mgongo wa kijiko. Maji ya bomba yatakaa juu, yale ya chumvi yatabaki chini, wala hayachanganyiki mpaka uyakoroge.

Ndivyo Mississippi inavyojitandaza juu ya ghuba. Mto huo hukusanya maji ya asilimia 41 ya ardhi ya Marekani, ukiacha Alaska na Hawaii, na huteremka na naitrojeni na fosforasi za huko kote. Mwani mdogo usioonekana kwa macho hustawi kwa mbolea hiyo, kisha hufa na kuzama, na bakteria wanaouozesha huimaliza oksijeni ya chini. Ya juu haishuki, maana maji ya mto yamekaa kama kifuniko. Oksijeni ikipungua chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki na kamba wanaoweza kukimbia hukimbia. Minyoo na konokono wa topeni hufia hapo hapo.

Eneo hilo lenye uhaba wa oksijeni ni kubwa kiasi gani?

Meli ya utafiti imekuwa ikilipima tangu 1985, kwa kawaida mwezi Julai. Mwaka 2017 lilifika kilomita za mraba 22,720, zaidi ya Unguja kumi na tatu. Lengo la serikali ya Marekani ni wastani wa kilomita za mraba 5,000 kwa miaka mitano mfululizo. Lilipaswa kufikiwa 2015. Sasa limesogezwa hadi 2035.

Mnajuaje mto upunguze kiasi gani?

Kuna hesabu mbili zinazoungana. Ya kwanza ni ya nchi kavu. Idara ya Jiolojia ya Marekani ina modeli iitwayo SPARROW, inayoifuata naitrojeni kutoka shambani hadi kijitoni, kutoka kijitoni hadi mto mkubwa. Hapo pana jambo ambalo wengi hawalitarajii: kijito husafisha maji kuliko mto mkubwa. Maji yake ni ya kina kifupi, yanagusana sana na tope la chini, na bakteria wa humo huigeuza nitrati kuwa gesi ikaenda zake hewani. Kwa hiyo gunia la mbolea lililosombwa karibu na mto mkubwa huiumiza bahari kuliko gunia lililosombwa huko vijitoni. Mwaka 2008 modeli hiyo ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 70 ya naitrojeni na fosforasi zinazofika ghubani hutoka kwenye kilimo na ufugaji. Mahindi na soya peke yake vilibeba asilimia 52 ya naitrojeni. Miji, ambayo ndiyo hunyooshewa kidole kwanza, ilikuwa na sehemu ndogo sana.

Hesabu ya pili ni ya baharini, na asili yake ni ya zamani. Mwaka 1925 wataalamu Streeter na Phelps walitunga mlinganyo wa kujua majitaka hula oksijeni kiasi gani kadiri Mto Ohio unavyoteremka. Karibu karne moja baadaye, mwanasayansi Donald Scavia na wenzake wanautumia mlinganyo wa ukoo huo huo ghubani: unatia mzigo wa naitrojeni wa mwezi Mei, unapata ukubwa wa eneo la kiangazi. Kisha unaugeuza mlinganyo. Unaandika 5,000 mahali pa jibu, unauliza Mei ilete kiasi gani.

Mbona jibu hubadilika? Mwaka 2001 mlisema naitrojeni ipunguzwe kwa asilimia 30, 2007 asilimia 45, 2017 asilimia 59.

Wapo wanaosema huo ni ubabaishaji. Mimi sikubaliani nao. Vipimo vimeongezeka, na hesabu ya 2017 ilitumia modeli nne kwa pamoja, ikatilia maanani kwamba miaka haifanani na kwamba modeli zenyewe zina mashaka. Anayepiga hesabu kwa mwaka wa kawaida tu lazima apate jibu jepesi.

Modeli hukosea?

Hukosea, na mara nyingi mharibifu ni upepo. Mwaka 2020 ilitabiriwa kilomita za mraba kama 17,000. Kimbunga Hanna kikapita, na meli ikakuta takriban 5,480 tu. Bahari haikuwa imepona. Glasi ilikuwa imekorogwa.

Wakulima wakipunguza mbolea leo, bahari itapona mwakani?

La. Udongo na maji ya chini ya ardhi vimejaa naitrojeni ya miongo mingi, nayo huvuja taratibu. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba hata mimea ingekula kila chembe ya mbolea inayowekwa, ingechukua miongo kadhaa kulifikia lengo. Wanasiasa waelezwe hili kabla hawajatangaza mwaka.

Hesabu hii inaweza kutumika kwa Mto Sabaki?

Njia, ndiyo, tarakimu, hapana. Mto huo, unaoanza kama Athi na kupokea maji ya Nairobi, humwaga tope jingi kaskazini ya Malindi, na wakati wa kaskazi tope hilo husukumwa kusini kuelekea kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya hapo Malindi. Huko cha kuhesabiwa kwanza ni udongo. Nao hauji kidogo kidogo mwaka mzima. Mwingi hupita katika siku chache za mafuriko, kwa hiyo chupa za sampuli zijazwe siku hizo hizo ambazo hakuna anayetaka kwenda mtoni.