Tumeshatoa avansi, mchuruzi anaongeza bei: tufanye nini?

Kila mwaka, mvua inapokaribia, komite za kooperative za Haut-Katanga zinatuletea ulizo lilelile: "Tulipatana bei ya mbolea na mchuruzi, tukamupa avansi, tukarudi kijijini. Siku ya kuchukua mifuko anasema bei imepanda. Je, ako na haki?"

Jibu letu ni hapana, kama kweli mlipatana bei. Hilo neno "kweli" ndilo linaleta mabishano yote, na ndilo tutasomea leo.

Tuchukue mfano, na hesabu ni za mfano tu. Kooperative inaagiza mifuko 200 ya NPK 10-20-10, ya kilo 50, kila mfuko dola 45. Jumla ni dola 9.000. Wanatoa avansi ya dola 4.000. Kiisha wiki tatu mchuruzi anasema mfuko sasa ni dola 51. Kama wanakubali bila kuongeza feza, dola zao 9.000 zinanunua mifuko 176. Imepotea mifuko 24. Kwa mahindi tunaweka mifuko 4 kwa hektari wakati wa kupanda, kwa hiyo hektari 6 zitapandwa bila mbolea. Zile hektari 6 ni za wanamemba fulani wenye majina, na wao walishatoa mchango wao.

Sheria ya Congo juu ya mapatano ni ya zamani sana, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, lakini bado inatumika. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kwa kufuata sheria ni sheria kwa wale walioyafanya. Hayavunjwi paka kwa kukubaliana pande zote mbili, ao kwa sababu ambayo sheria yenyewe inaruhusu. Kifungu cha 264 kinaongeza kwamba mauzo yanakamilika pale watu wanapopatana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijatolewa na feza haijalipwa. Kwa hiyo avansi si ndiyo inafunga bei. Bei ilishafungwa siku mlipopatana. Avansi inasaidia kuonyesha kwamba mlipatana.

Mchuruzi atajibu kwamba bei ziko huru. Ni kweli, sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei inamuruhusu kuuza namna anataka. Lakini uhuru huo ni wa mifuko ambayo hajauza bado. Atasema tena kamiyo ilikawia Kasumbalesa, ao ushuru ulimukula. Tunamuhurumia, lakini kupata faida kidogo si sawa na kushindwa kabisa kuleta mbolea.

Sasa, kupatana ni nini? Hapa komite nyingi zinateleza. Fakture proforma si mapatano; ni bei ambayo mchuruzi anapendekeza. Angalieni chini ya karatasi: mara nyingi imeandikwa siku ngapi bei hiyo inasimama. Kama ni siku 15 na ninyi mnaleta avansi siku ya 20, ako na njia ya kusema bei ile ilishakufa. Angalieni pia kama kuna maneno madogo kwamba bei inaweza kubadilika. Mkiweka sahihi chini ya maneno hayo, mmekubali.

Neno lililoandikwa kwenye resu lina uzito pia. Kama ni "acompte", ni sehemu ya bei: hakuna anayeweza kujitoa peke yake. Kama ni "arrhes", kila upande unaweza kujitoa, lakini kwa kulipia: mnunuzi akijitoa anapoteza feza yake, muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Katika mfano wetu angerudisha dola 8.000. Hata hapo hana ruhusa ya kubaki na avansi yenu na kuongeza bei. Sisi tunawashauri muandikishe "acompte", juu mwezi wa kumi na moja mkulima hana lazima ya feza, ako na lazima ya mbolea.

Tunasema hivi kwa sababu sisi wenyewe tulianguka. Tulinunua pompe za kupulizia dawa, tukatoa dola 600, tukarudi na karatasi iliyoandikwa "avance 600 $", sahihi na kashe. Tulikuwa na furaha juu ya ile kashe! Hesabu ya pompe haikuwamo, wala bei ya moja. Muuzaji alipoongeza bei tulifungua karatasi yetu mbele yake na haikuwa na kitu cha kusema. Tulipokea pompe chache kuliko tulivyopatana.

Basi resu iseme: kitu gani, aina gani, mifuko mingapi, kilo ngapi kwa mfuko, bei ya mfuko mmoja, jumla, acompte, salio, siku ya kuchukua na wapi. Msisahau kilo, maana kuna anayeacha bei ileile na kuleta mfuko wa kilo 25. Muandike kama ni dola ao franka. Kama mtalipa salio kwa franka, muandike taux ya siku gani itafuatwa, kwa sababu wengi wanaongeza bei kupitia taux bila kugusa bei yenyewe. Na jina liwe la kooperative, si la prezida peke yake.

Ikiwa mmeshafika depo na kamiyo inasubiri, musiweke sahihi kwenye fakture mpya. Sahihi hiyo ni kukubali bei mpya, na kesi yenu inaishia hapo. Leteni salio la bei ya kwanza mbele ya mashahidi wawili. Akikataa, na mvua imeshaanza, komite inaweza kuamua kulipa nyongeza ili watu wapande. Hatuwezi kuwalaumu, kupanda mahindi kiisha katikati ya Desemba kunakula mavuno kuliko dola 6 za mfuko. Lakini muandike kwenye resu, kabla ya sahihi, "payé sous réserve", maana yake tumelipa bila kukubali. Hapo bado mnaweza kudai nyongeza yenu.

Kisha muandike barua, hata fupi: "Tarehe fulani tulipatana mifuko 200 kwa dola 45, ukapokea dola 4.000. Tunakuomba utoe mifuko kwa bei hiyo mbele ya siku nane." Apokee na aweke sahihi kwenye kopi yenu. Tumeona wachuruzi wengi wakilegea kwa barua hiyo tu, kwa sababu wanajua mwaka ujao mtarudi kununua. Asipolegea, muulizeni mtu wa sheria ni tribinali gani inasikiliza kesi yenu kufuatana na kiasi cha feza. Resu ya kwanza ibaki kwenu. Toeni fotokopi tu.

Tena, mwezi wa pili, wakati mahindi yanakuwa machache, wanunuzi wanakuja kutoa avansi shambani, na bei inapanda mbele ya mavuno. Kifungu cha 33 hakiulizi nani ni mkulima na nani ni mchuruzi. Mwanamemba aliyepokea avansi kwa bei fulani amefungwa naye, hata kama kamiyo nyingine inapita na bei nzuri zaidi.