SOMO: Kununua gari ya kooperative: motere yenye turbo ao isiyo na turbo?



Kooperative nyingi za milimani zinatuuliza: "Tumekusanya akiba, tunatafuta gari ya kubeba viazi na maharagi mpaka sokoni. Tukamate yenye turbo ao isiyo na turbo?" Sisi tulisomea udongo na mbegu, siyo ufundi wa gari. Lakini tumeona viazi vikioza kando ya njia juu gari ilikufa, na pesa ya memba wote ikaenda bure. Basi tulikaa na mafundi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Turbo inafanya nini?

Motere inachoma mazutu pamoja na hewa. Isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe, sawa mtu anayepumua. Turbo ni sawa mivukuto ya mhunzi: moshi unaotoka unazungusha gurudumu dogo, nalo linasukuma hewa nyingi ndani. Hewa ikizidi, mazutu mengi zaidi yanaungua, nguvu inaongezeka.

Tuchukue motere mbili za Toyota Land Cruiser, zote za silinda 6 na lita 4,2. Ile 1HZ, isiyo na turbo, inavuta kwa nguvu ya niutoni-mita karibu 285. Ile 1HD-T, yenye turbo, inafika karibu 360.

2. Mlima unabadilisha hesabu

Uvira, kando ya Tanganyika, iko karibu mita 800 juu ya bahari. Lubero iko karibu 2000. Kwenye mita 2000 hewa inapungua karibu sehemu moja juu ya tano kuliko kule baharini. Isiyo na turbo inasikia upungufu huo: dereva anakanyaga, moshi mweusi unatoka, gari haipandi. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo. Lakini kwenye matope, motere ikizunguka polepole, turbo haijaanza kusukuma vizuri. Hapo isiyo na turbo inavuta bila kushtuka.

3. Adui ni mazutu machafu

Mara nyingi watu wanasema: "Turbo imeua motere." Fundi akifungua, anakuta injekteri ndizo zimekufa. Gari mpya za turbo zinapuliza mazutu kwa presha kubwa sana, na kompyuta ndiyo inaongoza. Mazutu ya bido yenye maji ao vumbi yanaziharibu, na kuzibadilisha ni bei kali. Pompi za zamani, sawa za 1HZ na 1HD-T, zinavumilia zaidi. Kwa hiyo msiulize turbo tu. Ulizeni pia: pompi ni ya namna gani?

4. Mbele ya kulipa

– Washeni motere ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameipasha moto mbele mufike, rudini kesho asubuhi.
– Moshi wa bluu ni alama kwamba inakula mafuta ya motere.
– Kama iko na turbo, fundi atoe mpira wa hewa, atikise gurudumu. Likigusa ukuta, turbo imechoka.
– Kama mwenye gari alibandika turbo kwenye 1HZ, muwe na mashaka: motere hiyo haikutengenezwa kwa joto hilo.

5. Kuitunza

Mimineni mazutu kwenye pipa, yalale usiku, mchote ya juu tu, mpitishe kwenye kitambaa safi. Toeni maji kwenye filtre kila wiki. Badilisheni mafuta ya motere kila kilometa 5000. Gari ya turbo ikimaliza mlima, iacheni inguruma dakika mbili mbele ya kuzima, juu turbo iko moto sana na inahitaji mafuta ya kuipoza.

Shauri letu

Kwenye bonde, ao kama mazutu yenu ni ya bido na fundi hana mashine ya kusoma kompyuta: isiyo na turbo. Milimani na mizigo mizito: turbo yenye pompi ya zamani. Turbo ya kompyuta, paka kama mko na mazutu safi na fundi anayeijua.

Ya kuzungumza katika kikundi: Gari yetu itapanda mlima gani, na kilo ngapi? Mazutu yetu yanatoka wapi? Ikikufa, nani ataitengeneza, na kwa pesa gani? Kama swali la tatu halina jibu, tusinunue kwanza.