Dawa za Maumivu Kabla ya Tohara au Kung'oa Jino
Mchimbaji mdogo wa Geita au Shinyanga anayetuliza maumivu ya mgongo kwa asprini au diklofenaki hana budi kumweleza mtoa huduma kabla ya kutahiriwa au kung'olewa jino. Dawa hizo hudhoofisha chembe sahani, ambazo huziba jeraha ili damu igande. Hivyo damu huvuja zaidi na kuvilia chini ya ngozi. Athari ya asprini hudumu siku 7 hadi 10, mpaka mwili uzalishe chembe mpya. Parasetamoli, kwa kipimo cha kawaida, haina athari hiyo. Vidonge vya kitunguu saumu navyo vitajwe. Aliyeandikiwa asprini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua.