Pampu na Kisima cha Mama

Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi wa Kalemng'orok twaijua methali hii kwa vitendo, kwani kiangazi kikifika mama zetu huinama ndani ya laga wakifukua mchanga kutafuta maji. Mwaka jana mama yangu alifukua mpaka kichwa chake kikawa hakionekani. Jirani mmoja akasema ati ni laana. Mimi nikaiangalia pampu mpya iliyo karibu, ikivuta maji kutwa nzima.

Kwanza tuelewe kwamba chini yetu hakuna ziwa lililojificha. Maji hukaa kati ya chembe za mchanga na ndani ya nyufa za mawe. Pampu ikivuta, maji ya kisimani hushuka. Yale ya kando, kwa kuwa yako juu zaidi, huteremkia huko. Kwa hivyo kina hushuka sana karibu na pampu, na kidogo tu mbali nayo. Ukichora utapata umbo la faneli.

Jaribu mwenyewe. Tia mchanga karaini, mimina maji, kisha simamisha katikati mkebe uliotobolewa ubavuni. Chimba shimo dogo kando yake. Ukiteka maji mkebeni, ya shimoni nayo hupungua! Mkebe ni pampu, shimo ni kisima cha mama.

Mwaka wa 1935, Mmarekani Charles Theis alitoa hesabu ya jinsi faneli hiyo inavyopanuka kadiri pampu inavyoendelea kuvuta. Haikomi mpaka ipate maji mapya ya kufidia. Visima vilivyo kando ya mto Turkwel, kule Lodwar, hufidiwa na mto. Laga yetu hungoja mvua.

Basi, pampu ilipoharibika kwa siku nne, maji ya mama yalipanda tena. Kumbe haikuwa laana!

Sisemi pampu ing'olewe, la hasha, nasi twainywea. Nasema ipumzishwe, na visima vipya visikaribiane, kwani faneli mbili zikikutana maji hushuka maradufu. Tusitegemee habari za mbali pia. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kuwa Lotikipi ina maji tele ardhini, lakini yalipopimwa baadaye yalikuwa na chumvi nyingi.

Mimi sasa hupima kisima chetu kila Jumamosi kwa kamba na jiwe, na kuandika daftarini. Nawe je, mwenzangu?